Je, Ndege Ana Haki Katika Ua Wetu?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu ya baada ya Alasiri limezuka suala ambalo baadhi ya ndugu walilicheka, na sisi hatukulicheka, kwa sababu tulikwisha kulijibu mara moja, na tulilijibu vibaya. Suala lenyewe ni hili: mtu mwenye ua mdogo mjini, hatua kumi kwa hatua kumi au pungufu, akaacha pembe ya ua huo iote miti na kichaka, akaweka na maji, ili ndege na nyuki na vidudu vya Mungu wapate pa kukaa, je, mtu huyo yumo katika kheri, au yumo katika upuuzi na israfu? Na yule aliye jirani yake, aliyekata kila kitu akatandaza sakafu ukuta kwa ukuta, je, ana lawama yoyote?

Twaona ni vyema tuanze kwa kueleza kosa letu, kwani ndilo lililotufunza.

Mwishoni mwa mwaka 2022 tulialikwa Hulugho, mji mdogo wa kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Anayeujua upande ule ajua kwamba wakati huo watu walikuwa katika dhiki kubwa. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekatika mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020. Ng'ombe walikufa, mbuzi walikufa, na maji yalikuwa yakingojewa kwa boza, yakipimwa kwa mitungi. Katika nyumba tuliyofikia palikuwa na mama mtu mzima, mama wa mwenyeji wetu, ambaye nyuma ya chumba chake aliacha msuaki mmoja uliotandaa hata chini, na migunga miwili mitatu, na majani makavu yasiyofagiwa. Chini ya msuaki aliweka kipande cha gurudumu la gari kilichokatwa kama hori, na ndani yake maji kiasi cha vibaba viwili. Tetere walikuja, na mnana, na ndege wadogo tusiowajua majina. Na kulipopambazuka tulimwona digidigi amesimama mwanya wa ua, masikio yamesimama, akingoja watu waondoke.

Kijana mmoja wa nyumba ile, mwenye bidii ya elimu, akatushitakia. Alisema mambo matatu: kwamba watu wana kiu na hapa ndege wanywesha, kwamba ndege hunajisi mahali watu wasalipo, na kwamba kichaka huleta nyoka karibu na watoto. Akataka hukumu. Na sisi, kwa haraka ya mgeni apendaye kuonekana mjuzi, tukahukumu papo hapo: binadamu hutangulizwa, maji yasimwagwe, kichaka kikatwe. Yule mama hakubishana. Alisema neno moja tu, “Maalim, hayo ni maji ya udhu wangu,” kisha akaingia ndani. Sisi hatukumwuliza maana ya neno lake. Tulikula, tukashukuru, tukaondoka.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja tukawa twasomesha mlango wa tayamamu kwa madhehebu yetu ya Shafii, tukafika pale wanavyuoni waelezapo sababu zinazomruhusu mtu kuacha kutawadha na hali maji anayo. Mojawapo ni kwamba maji yale yanahitajiwa kwa kiu ya kiumbe mwenye heshima ya kisheria, ikiwa ni kiu ya sasa au itakayokuja baadaye. Kiumbe huyo si binadamu peke yake. Wanavyuoni wamemtoa mbwa mwenye kuuma watu, wamemtoa nguruwe, na wengine waliowataja. Asiyetolewa amebaki na heshima yake. Kijana mmoja katika wanafunzi akainua mkono akauliza: “Sheikh, na ndege wa mwituni je?” Tukanyamaza. Tukaona mbele ya macho yetu kile kipande cha gurudumu. Sharia imeikubali kiu ya mnyama iipishe ibada ya udhu, nasi tulimkataza mama wa watu kuwapa ndege mabaki ya udhu wenyewe! Kwani hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya neno lake: hakuchukua mgao wa mtu yeyote, alitawadha kwa maji machache kuliko sisi, akayakinga yale yaliyodondoka, akayapeleka chini ya msuaki.

Ndugu msomaji, mwenye kufutu bila ya kuuliza ni kama tabibu atoaye dawa bila ya kumtazama mgonjwa. Hili tumelisema wenyewe juu ya wengine mara nyingi.

Sasa tuingie katika suala.

Wapo watakaosema kwamba mnyama wa mwituni hana haki juu ya mtu, kwa sababu hana mwenyewe. Haki ya chakula na maji, watasema, humlazimu mwenye kumiliki: ukiwa na punda yakupasa umlishe na umnyweshe, na ukikataa hulazimishwa. Maneno haya ni sahihi katika mahali pake. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alizihesabu haki za wanyama juu ya wanadamu, na katika hizo ni kuwalisha hata wakiwa wazee au wagonjwa wasio na faida tena; lakini mazungumzo yake yahusu zaidi wale walio mikononi mwetu. Basi hatusemi kwamba ni wajibu juu ya kila mwenye nyumba kupanda kichaka. Hatutaki kuwaongezea watu faradhi ambayo Mwenyezi Mungu hakuwaongezea, na tumewalaumu wengine kwa kufanya hivyo.

Lakini baina ya faradhi na upuuzi pana nafasi kubwa, na humo ndimo sehemu kubwa ya tabia njema ilimo. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, yote ni sadaka yake. Hadithi hii imo kwa Bukhari na kwa Muslim, na watu wetu waijua kwa moyo. Ajabu ni kwamba twaitaja tunapochimba kisima au tunapopanda mnazi wa biashara, na neno “ndege” lililomo ndani yake twalipita kama halikusemwa. Pia wanavyuoni wetu wamesema kwamba mwenye kisima hawajibiki kutoa maji yaliyozidi haja yake kwa shamba la mwenzake, lakini wanyama wa mwenzake wawajibika kupewa, kwa masharti yake. Sababu ni kwamba mnyama ana roho, na roho ina heshima. Basi ikiwa roho ndiyo sababu, roho ya tetere ni ya nani?

Na ipo hadithi nyingine ambayo twaomba ndugu zetu waitafakari nasi, na fikra hii ni yetu, mwenye kuona tumekosea na atuambie. Ni hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Watu huikumbuka kwamba alimfunga asimlishe. Lakini katika maelezo ya kosa lake mna jambo la pili: kwamba hakumwacha ale katika vidudu vya ardhi. Maana yake ni kwamba ardhi ina riziki iliyowekwa humo kwa ajili ya viumbe, na yule mwanamke alimzuilia paka riziki hiyo. Sasa mtazame mtu wa mji leo. Hakumfunga ndege yeyote. Lakini amekata mti, amefagia kila jani, ametandaza kabro tangu kizingiti hata ukuta wa barabarani, akanyunyiza sumu ya wadudu katika pembe. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani. Kiumbe hakufungwa, ila vidudu vya ardhi vimeondolewa kwake mtaa mzima. Tofauti ya matendo mawili haya ipo, hatuikatai. Lakini si kubwa kama tunavyojidhania.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa hivi. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na kiwanda katikati, wazi kwa mbingu, na katika vyoo vyake mlikuwa na birika za maji, na chini ya birika bakuli la kaure ambamo vijisamaki hujificha maji yakipungua, na vijisamaki hivyo vikila viluwiluwi vya mbu. Watu walistarehe na samaki akastarehe. Nyuma ya nyumba mlikuwa na asumini na mrehani kwa ajili ya watu, na mkomamanga na mkunazi ambao watu na ndege walishirikiana. Hapana aliyeita jambo hili kwa jina kubwa.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo baadhi ya wenzetu katika jitihada hii ya kurekebisha dini hawatalipenda. Kwa miaka mingi tumewahubiria watu kwamba mbuyu hauna mzimu, kwamba mkwaju hauna jini la kuogopwa, kwamba bundi si mkosi na kinyonga si uchawi. Haya ni haki, na hatuyarudii nyuma. Lakini tuulizane kwa uwazi: mtu alipoacha kuuogopa mbuyu, alifanya nini? Mara nyingi aliukata. Hofu batili ilikuwa imesimama kama mlinzi mlangoni. Tukamfukuza mlinzi yule kwa kuwa hakuwa wa haki, wala hatukuweka mwingine mahali pake. Tazameni kaya za ndugu zetu Wamijikenda, zilizoingizwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia wa UNESCO. Sisi hatukubali sadaka na maombi yanayopelekwa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Lakini miti ile imesimama, na pembezoni mwake, pale heshima ya mila ilipolegea na hapana heshima nyingine iliyoingia, miti imeanguka kwa shoka. Kuondoa ushirikina bila ya kufundisha haki ya viumbe ni kazi nusu. Mwenye Qurani hakuhitaji jini ili asiharibu mti. Amekwisha kuambiwa kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mfano wake. Lakini ni nani aliyemsomesha aya hiyo kwa maana hiyo? Darsa zetu ngapi zimeisoma?

Sasa turudi kwa yale mashitaka matatu ya kijana wa Hulugho, kwani alistahiki jawabu bora kuliko lile tulilompa.

La maji limekwisha kujibiwa. Mtu hutangulizwa, hili halina shaka. Mtoto asipopata kinywaji hapana maji ya ndege. Lakini maji ya ndege huwa ni kibaba na mabaki. Msiba wa maji haukuletwa na tetere.

La najisi ni jepesi kuliko lilivyoonekana. Alichokunywa ndege au paka, kikabaki, hakikunajisika kwa kunywewa tu, Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu wake mpaka akanywa. Kinyesi cha ndege katika madhehebu yetu ni najisi, na hori dogo likiangukiwa halifai kutawadhia. Basi usitawadhie! Weka hori mbali na mahali pa kusalia, na jambo limekwisha. Twashangaa jinsi watu wanavyopenda kuifanya tahara iwe sababu ya ukatili, na haikuwekwa kwa hilo.

La nyoka lina ukweli, na asiyelikubali hajalea watoto. Lakini nyoka hafuati jani, hufuata panya, na panya hufuata taka na nafaka iliyomwagika. Mwenye kutaka kichaka na akiweke mbali na mlango na dirisha, asirundike matofali na mabati mabovu kando yake, na mabaki ya chakula yasilale nje. Vivyo hivyo kwa mbu: maji yaliyotuama ni hatari, na Mombasa imeonja homa ya dengi mwaka 2013, na 2017, na 2021. Mbu huyu huzaa katika vyombo vidogo vya nyumbani. Kwa hiyo maji ya ndege yamwagwe na chombo kisuguliwe kila siku ya pili au ya tatu, kabla mayai hayajakomaa. Hii ni kazi ya dakika moja, na mtoto wa chuoni aiweza.

Na sisi wa pwani tuna adui mwingine ambaye Hulugho hawakumtaja, naye ni kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na tangu katikati ya karne iliyopita ameijaza Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine hata mitaa ikabaki na sauti yake peke yake. Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2024 azma ya kuwaondoa milioni moja. Kunguru yumo katika watano waliotajwa katika hadithi kwamba yaruhusiwa kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka, na wapenda mjadala watatuletea maneno kwamba aliyekusudiwa ni yule mwenye doa jeupe; tutawaachia mjadala wao. Ila tukumbuke ni nani amlishaye kunguru. Ni majaa yetu, matumbo ya samaki tunayotupa kichochoroni, na mifuko tunayoitupa usiku ili jirani asituone. Mwenye kutaka chozi na mnana warudi katika ua wake, na aanze na pipa lake la taka.

Tena wapo wasemao: vichaka vya uani vyafaa nini na hali mwitu mzima waangamia? Wataja swala wa hirola, ambaye makao yake ya asili ni upande huo huo wa Garissa na ng'ambo ya mpaka. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu mengi. Maradhi ya sotoka ya miaka ya 1980, na ukame, na ujangili, na kubadilika kwa malisho vikawamaliza, na leo hawafikii 500. Ni kweli hirola hatakuja kukaa uani kwako. Lakini tazama ni nani aliyemkinga. Wafugaji wa Ijara, Waislamu wenzetu, walitoa sehemu ya malisho yao wenyewe katika hifadhi ya Ishaqbini, na mwaka 2012 wakatiwa humo hirola 48 ndani ya uzio wakazaana. Watu waliokuwa wakizika mifugo yao walipata moyo wa kumwachia ardhi mnyama asiye na mwenyewe. Nasi tunaokunywa chai ya mkandaa barazani twaona uzito wa kuacha pembe ya hatua tatu!

Wala udogo si hoja. Mwaka 1971 katika machimbo ya mawe ya saruji kule Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu, bwana René Haller alianza kupanda mivinje. Ilishika, lakini majani yake yalirundikana hayaozi, na ardhi haikupatikana. Kilichofungua njia ni jongoo. Jongoo wakaletwa, wakala majani, wakafanya udongo, na baada ya udongo miti mingine, na ndege, na wanyama. Msitu ule wasimama hata leo na watu hulipa kuuona. Kiumbe ambaye mtoto humponda kwa kandambili ndiye aliyekuwa ufunguo. Mwenye kufagia kila jani uani mwake amefukuza jongoo wake, kisha hulalamika kwamba mkomamanga hauzai.

Tulipogundua kosa letu tulituma salamu Hulugho, tukaomba msamaha, tukasema kwamba hukumu ile tumeirudisha. Jibu likaja kwamba kichaka kilikwisha kukatwa siku ile ile tuliyoondoka, na kuni zake zikapika chai. Mama bado akaweka maji mahali pale pale, lakini ndege wakawa hawatui. Hapakuwa na tawi la kukimbilia, na paka wa mtaa alikuwa akingoja ukutani. Hapo tulijifunza jambo ambalo yeye alilijua kabla yetu: kwamba maji bila ya maficho si ukarimu, ni mtego.

Mvua zilirejea, tena kwa ghadhabu, mwishoni mwa mwaka 2023. Mwaka uliofuata tukamtuma msafiri mmoja na kokwa za mkunazi. Tuliuchagua mkunazi kwa sababu wastahimili ukame, maua yake ni chakula cha nyuki, kunazi zake huliwa na watoto na ndege, miiba yake humzuia paka, na majani yake twaoshea maiti wetu. Mama alizipanda pale yadondokapo maji ya udhu. Zikaota mbili, moja ikaliwa na mbuzi.

Kisha akatuletea suala: je, afaa kuumwagilia mti huo maji waliyokwisha kutawadhia watu wengine katika msikiti wa jirani, au maji hayo yana haki ya mtu? Safari hii, kabla ya kujibu, tulimtuma msafiri akamwulize kwanza maji hayo hukingwa wapi, na ni nani aliyeyaleta.